Siku Tulipoipigia Kura Injini

Mwanangu Fatu,

Salamu za kuulizana hali nitaziruka, maana tumesalimiana asubuhi na ukaninyang'anya hata kipande cha mwisho cha muhogo. Umekwenda Kitaya kumuaga bibi yako, na umesema utarudi kabla ya magharibi. Nimekaa barazani na daftari lako la zamani, nataka niwe nimemaliza kabla sijasikia kicheko chako kule kwenye mikorosho. Mambo ya kula, kulala na kutunza nguo mama yako ameshakuambia mara tatu, na kesho atakuambia tena mpaka lori liondoke. Mimi nina jambo moja tu, na sina ujasiri wa kulisema huku nakutazama usoni.

Ile barua ya chuo cha ufundi, ulipotusomea pale mlangoni, ulipofika chini uliharakisha. Ulisoma "Mkuu wa Karakana, R. Mchopa," ukaikunja, ukaanza kurukaruka mpaka kuku wakakimbia. Jina hukulitambua, kwa sababu wewe ulimjua kama Baba Hadija, mume wa somo yako wa unyagoni. Sisi wakubwa tulimwita Fundi. Ndiye huyo, Fatu. Mtu atakayekufundisha injini ndiye mtu niliyemwacha afukuzwe kijijini kwetu kwa kosa langu mimi. Sitaki ulisikie hilo kwa mara ya kwanza kinywani mwake, wala kwa mkewe, wala kwa mpita njia.

Mama yako hataki niandike. "Utamharibia mtoto," kaniambia. "Pengine yule bwana keshasahau. Pengine hatajua huyu ni binti wa nani." Atajua. Jina lako la pili ni langu, na madereva wanaoitwa Issa waliotoka ukanda huu wa mto na kuzaa binti mwenye kupenda spana si wengi. Nami naogopa kama mama yako anavyoogopa. Naogopa akikutazama wewe atamwona Issa, na nafasi uliyoipata peke yako kati ya wavulana wa mkoa mzima iishie mlangoni. Lakini nikikaa kimya nitakuwa nakutuma kwa mtu huyo na macho yamefungwa, na hilo siwezi kukufanyia.

Nianze na lile lori la kwanza. Lilikuwa mali ya mfanyabiashara mmoja wa Mikindani, Mhindi mpole aliyeniajiri nikiwa kijana, na alipoliuza kwa kijiji mimi na lori tulikuja pamoja kama mbuzi na kamba yake. Lilikuwa limeshachoka. Mita ya maili ilikuwa imefika mwisho ikaanza upya, ikafika katikati tena, ikafa hapo. Milango ilifungwa kwa waya. Lakini nililipenda, na nitakuambia ukweli, nilipenda zaidi vile watu walivyoniita. Wengine wote walikwenda shamba la kijiji na jembe begani, mimi niliitwa "Dereva" na wazee wakaniachia nafasi kwenye mkeka.

Fundi Mchopa alikuja kwetu kutoka juu, Newala, akiwa na baiskeli na sanduku la spana. Mtu mfupi, mwenye haraka ya kinyonga. Ukimletea gari linalopiga kelele, hakushika spana hata kidogo. Kwanza aliuliza, "Lilianza lini? Likiwa baridi au likiwa moto? Kwenye mlima au kwenye tambarare?" Kisha alisema lizimwe, lipoe kabisa, naye akakaa kutafuna muhogo mbichi. Likipoa ndipo anawasha. Alikuwa na ufito mkavu wa mwanzi. Ncha moja anaigusisha kwenye injini, ya pili anaiweka sikioni, anafumba macho. Ukikohoa anakufukuza.

Nilimcheka mwanzoni. Miaka ile kulikuwa na vita ng'ambo ya Ruvuma, na sisi huku tulijua kusikiliza bila kufundishwa, hata mtoto mdogo alijua ndege inakuja kabla haijaonekana. Nilijiona nina masikio ya kutosha. Fundi akanipa ule mwanzi. "Haya, Dereva, niambie unasikia nini." Nikamwambia nasikia injini. Alicheka mpaka akapaliwa na muhogo. Halafu akanifundisha kwa upole, siku nyingi, bila kunidai hata asante. Kelele ya juu, nyepesi, ya harakaharaka kama cherehani, hiyo ni tapeti, vile vidude vinavyofungua na kufunga vali. Unaondoa kifuniko, unarekebisha, asubuhi moja imekwisha. Kelele ya chini ni nzito, kama mtu anagonga chini kisimani. Inaongezeka gari likipata moto, kwa sababu oili imekuwa nyepesi. Inagonga ukikanyaga mafuta kupanda mlima, na inagonga ukiachia. Hiyo ni beringi ya konrodi, ile bangili laini inayoushika ule mkono wa chuma kwenye krenki kule tumboni. Na kama hujui ni silinda ipi, chomoa nyaya za plagi mmoja mmoja, uurudishe; ukichomoa waya wa silinda yenye ugonjwa, kugonga kunalegea na kelele inapungua. Mengine mengi utajifunza kwake, wala usiyaamini yangu kuliko yake.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, na nakuomba usijilaumu kwa sababu umo ndani yake.

Ilikuwa siku yako ya kutoka mwali. Mambo ya ndani ya unyago siyajui wala siyaulizi, lakini yangu niliyajua: baba alete doti ya khanga kwa somo wa binti yake, na aikabidhi mbele ya watu kabla mwali hajatolewa nje. Somo yako alikuwa Bi Asumini, mke wa Fundi. Nilitumwa mjini na mizigo ya kijiji, nikasema nitapitia Mikindani kununua khanga, na mjini walinichelewesha mpaka jua likapita utosini. Niliondoka na akina mama wamekaa juu ya magunia, kila mmoja anataka kuwahi ngoma.

Tulikuwa tumepita Mtawanya nilipoona mshale wa geji ya oili unalala. Fundi alishanifundisha: mshale ukilala, simama hapo hapo, hata kama umebeba mfalme. Nilijua. Nilijua pia kwamba asubuhi sikuchomoa stiki kutazama oili, kwa sababu akili yangu ilikuwa kwenye khanga. Oili ya akiba sikuwa nayo, na kurudi mjini kungeimaliza siku. Nikasema moyoni, mshale umeharibika tu. Tukaanza kupanda, ndipo nikaisikia. Ngo. Ngo. Ngo. Chini kabisa, miguuni mwangu.

Unajua nilifanya nini? Nilitoa kichwa dirishani nikawaambia akina mama, "Mbona mmenyamaza, hii ndiyo safari ya harusi au ya msiba? Imbeni!" Waliimba, Fatu. Waliimba wakapiga vigelegele na kugonga bodi la lori kwa viganja, na mimi nikaimba nao kwa sauti kubwa kuliko wote, ili nisiisikie. Tulifika. Ulitolewa ukiwa umeng'aa kwa mafuta, umeinamisha macho, nami nikamkabidhi Bi Asumini doti yake. Nililia kidogo kwa furaha. Siku ile sikujuta hata chembe.

Asubuhi yake Fundi alilisikia kutoka nyumbani kwake, kabla sijampelekea. Akauliza maswali yake. "Lilianza lini?" Nikamwambia, "Leo." Alichomoa stiki, akafuta oili kwenye vidole akaviinua kwenye jua. Ilikuwa na vijichembe vya kumetameta kama magamba ya dagaa. Akanitazama. "Hii si ya leo, Dereva." Nikaanza kufuta kioo, naye hakunisukuma. Alikuwa mtu wa kukuachia nafasi ya kusema mwenyewe.

Wakati huo korosho zilikuwa zimejaa kila baraza, na zile familia za kando ya mto zilikuwa zikihamishiwa kijiji kipya, lori ndilo lililobeba nguzo na milango yao. Lori kusimama lilikuwa jambo la kijiji kizima, kwa hiyo likaletwa kikaoni. Utacheka, lakini ndivyo tulivyokuwa. Tulikuwa tumezoea kuamua kila kitu pamoja, shamba lilimwe wapi, duka lifunguliwe saa ngapi, na hatukuona ajabu kuamua pamoja injini inaumwa nini.

Fundi alisimama. Akikasirika Kimakonde kilimtoka. "Nangu, mimi, nimesikia chini. Silinda ya tatu. Lisitembee hata hatua, lifunguliwe."

"Litachukua muda gani, Ndugu Fundi?" Mwenyekiti akauliza.

"Mpaka beringi itoke Dar es Salaam. Miezi miwili. Mitatu."

Kikao kizima kiliguna. Bwana mmoja aliyetoka wilayani, ambaye alikuwa amekaa kwenye kiti pekee, akafungua saa yake na kuifunga. Mzee mmoja akasema, "Fundi, na mara ile ulipokaza tapeti, si lilinyamaza?"

"Mara ile lilikuwa tapeti, mzee wangu."

"Tapeti inachukua muda gani?"

"Asubuhi moja. Lakini kelele haitoki huko."

"Hebu tumsikilize Dereva," Mwenyekiti akasema. "Yeye ndiye anayelala nalo na kuamka nalo. Ndugu Issa, juu au chini?"

Fatu, kabla ya kikao kile nilikuwa nimewasha injini peke yangu. Nilichomoa waya wa kwanza, ngo ngo ngo. Wa pili, vilevile. Wa tatu, ikapungua. Nikaurudisha, ikaanza tena. Nilirudia mara tatu kama anayeomba jibu libadilike. Kwa hiyo nilijua kuliko mtu yeyote pale isipokuwa Fundi. Na nilijua pia kwamba nikisema chini, swali linalofuata ni nani aliliendesha bila oili. Wangeninyang'anya ufunguo, na nisingekuwa Dereva tena.

Nikasema, "Mimi naona huenda ni tapeti."

Mwenyekiti akafurahi. "Wanaosema tapeti, wanyooshe mikono." Mikono ikapaa kama shuleni. Wangu ulikuwa miongoni mwa ile ya mwanzo. "Wanaosema chini?" Alinyoosha Fundi peke yake, na mkono wake wa pili ulikuwa bado una oili.

Alirekebisha tapeti kama alivyoagizwa, na alizirekebisha vizuri, nakuapia. Nililiendesha siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili, kwenye mlima, nimebeba vyombo vya familia tatu, ile kelele nzito ikageuka mlio kama wa shoka, konrodi ikatoboa ubavu wa injini na oili yote ikamwagika mchangani. Hakuna aliyeumia, Mungu alitupendelea. Lakini mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, na watu wale walibeba nyumba zao vichwani. Kulikuwa na mzee aliyekaa juu ya mlango wake wa mbao kando ya barabara siku mbili akisubiri lori lije kumchukua, na kila aliyepita alimwambia linakuja.

Kikao cha pili hakikuwa na utani. Bwana wa wilayani alitumia neno hujuma, na wewe ulikuwa mdogo lakini unakumbuka uzito wa neno lile siku zile. Wakasema fundi aliligusa lori, na baada ya kuligusa likafa, basi ama hajui kazi ama alifanya kusudi ili aonekane alisema kweli. Fundi alinigeukia mimi, mbele ya watu wote, akasema maneno mawili tu. "Dereva, sema."

Nilitazama makubazi yangu. Nikasema, "Mimi naendesha tu, ya injini ni ya fundi."

Basi. Hayo ndiyo niliyoyatenda. Walimpa siku tatu. Aliondoka mchana kweupe na baiskeli yake na sanduku lake, mkewe nyuma na mtoto mgongoni, na hakuna aliyewasindikiza kwa sababu watu waliogopa kuonekana. Ile doti ya khanga tuliikuta imekunjwa kizingitini kwetu. Mama yako aliiweka chini ya sanduku lake na hajaivaa hata siku moja. Wewe uliniuliza mbona somo yako ameondoka bila kukuaga, nikakujibu wamepata kazi kwingine. Ulilia wiki nzima. Ulifikiri amekukasirikia wewe kwa jambo ulilokosea unyagoni, nami nikakuacha ufikiri hivyo. Kati ya yote niliyoyafanya, mwanangu, hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Kijiji kilipata lori jingine nikaendelea kuitwa Dereva. Lakini tangu hapo nilikuwa mkali kwa kila aliyesikia kelele kabla yangu. Unakumbuka mwaka jana uliposema, "Baba, hiyo inalia mbele, ni pampu ya maji," nikakukemea mbele ya abiria, kumbe ni pampu kweli? Sikukasirika kwa sababu umekosea. Nilisikia sauti ya mtu mwingine ndani yako, ikiuliza maswali yaleyale, baridi au moto, mlima au tambarare. Nisamehe kwa siku ile. Masikio yako ni mazuri kuliko yangu, na ya kwangu hayakuwa mabaya.

Sina la kukuhubiria. Najua tu kwamba huko utakakokwenda utakutana na watu wanaotaka kelele iwe ndogo kwa sababu iliyo kubwa itawachelewesha, na baadhi yao watakuwa watu wema unaowapenda, kama mimi nilivyowapenda wale akina mama walioimba. Kuna siku utaulizwa nawe, na utakuwa na sababu yako nzuri ya kusema tapeti. Yangu ilikuwa khanga na jina la Dereva. Sijui yako itakuwa nini. Ikija, nifikirie mimi, usinifikirie kwa hasira.

Leo asubuhi, ulipoondoka tu kwenda Kitaya, nilikwenda kwenye kikao. Mwenyekiti ni yuleyule, amezeeka. Nikasimama nikaeleza yote, geji, nyimbo, waya wa tatu, mkono wangu. Mwenyekiti akasema, "Ndugu Issa, mambo haya yameshapita, kaa chini." Nikamwambia kwangu hayajapita, naomba Katibu aandike kwamba Fundi Mchopa alikuwa na haki na lori liliuawa na mimi. "Unajua maana yake?" akauliza. Najua, nikamwambia, na ufunguo nilikuwa nimeshautoa mfukoni. Yule mzee wa tapeti alilia, maskini, kana kwamba kosa lilikuwa lake. Katibu aliandika, akagonga muhuri, akaninakilia karatasi moja.

Kwa hiyo kesho utamkuta mtu mwingine kwenye usukani. Usinihurumie mbele ya watu. Nitapanda nyuma pamoja nawe, juu ya magunia, mpaka Mtwara, na tangu nizaliwe sijawahi kuiona njia ile nikiwa nimekaa bure. Nina hamu nayo, usinicheke.

Karatasi ya Katibu imo ndani ya bahasha hii. Ni ya Fundi, usimpe darasani. Nenda nyumbani kwake, umwamkie Bi Asumini kwanza, maana yule ni somo yako na hakuna kikao kilichoweza kulivunja hilo. Umweleze kwamba hukuambiwa kwa nini aliondoka. Kama Fundi atakufukuza, rudi. Nitakupokea stendi na hatutalaumiana. Sidhani kama atakufukuza. Lakini simdai hilo, na wewe usimdai.

Nakusikia unakuja, na bibi yako naona amekupa kuku, maana namsikia kuku huyo akilalamika njia nzima. Nimalizie hapa. Siku ya kwanza ataita majina. Akifika kwenye lako atanyamaza, nami najua atanyamaza kwa muda gani, kwa sababu nilikaa naye miaka. Wenzako watageuka kutazama. Usisubiri aulize. Simama, mwanangu, useme jina lako lote, na la kwangu likiwemo, kwa sauti ya kumfikia kule aliko.

Baba yako,
Issa